Filamu Iliyoishia Kabla ya Ekzosi

Masumbwe,
Jumatatu, 9 Juni.

Baba yangu, Katekista Telesphori,

Shikamoo Baba. Mama naye umfikishie shikamoo yake, umwambie kikohozi changu kimeisha, ile mizizi aliyonifungia niliichemsha yote mpaka chumba kikanuka dawa wiki nzima. Mgongo wako unaendeleaje? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa, au bado anatuzungusha? Huku Masumbwe mvua imekata, vumbi linaingia mpaka kwenye ugali, tunakula hivyo hivyo. Mwili wangu ni mzima. Ni moyo tu ambao hauko sawa, na huo ndio umenishikisha kalamu.

Najua utashangaa kuletewa barua na mimi, wakati simu ninayo na wewe unayo. Lakini Baba, nimekupigia mara nne. Kila nikifika kwenye jina la dada Scolastika unasema mtandao unakata. Mtandao haukuwa unakata, nilikuwa nasikia mpaka kuku wa Mama. Na hata ungenisikiliza, unanijua nilivyo. Mbele yako maneno yananikauka. Tangu mdogo Mama ndiye ananisemea, na nilivyoacha shule darasa la nne nikafuata ng'ombe ndiyo nikazoea kabisa, maana ng'ombe hawamuulizi mtu kitu. Kwa hiyo nimekaa hapa nyuma ya yadi tangu asubuhi, naandika nafuta. Mzee Masele amekuja kununua mabati ya kigango, nitampa mkononi na nimemwambia akupe wewe mwenyewe, asiiache mezani.

Nakuambia mapema, naandika nikiwa na hasira. Sio hasira ya kukuvunjia heshima. Lakini ipo, na nikijifanya haipo barua itakuwa ya uongo.

Kazi ya dada wewe hujawahi kuiona kwa macho yako. Umeiona kwenye ile filamu tu. Ndiyo maana nataka nikueleze ilivyo, halafu utapima mwenyewe.

Hapa kwa bosi Maduhu tunauza magari ya mkononi. Yanakuja yameshachoka, mengine yamegongwa, mimi kazi yangu ni kunyoosha bodi mpaka mlango ufunge bila kupigwa teke. Dada ndiye anauza. Bosi alimchukua kwa sababu ana sikio. Anagonga boneti mara mbili kwa kiganja, anamwambia mtu awashe, anainamisha kichwa kidogo, kisha anasema hili lina tatizo la maji, au hili giabox imeguswa. Mafundi wakubwa walimcheka mwanzoni. Sasa hivi wakikwama wanamwita wenyewe.

Wanunuzi wetu wengi ni wachimbaji. Duara, yaani shimo lao la dhahabu, likitema, mchimbaji wa kwanza kushika pesa anataka gari siku hiyo hiyo, hata kama hajawahi kushika usukani. Ila wana utaratibu wao. Dhahabu wameitoa wengi, watano, sita, kwa hiyo gari halilipiwi mpaka wenzake wa duara wote walione. Wanasema gari likinunuliwa kwa kificho duara linakasirika, linaanza kutoa mawe matupu. Sasa inabidi gari lipelekwe huko huko shimoni. Wanalizunguka, wanapiga matairi mateke, wanajazana ndani wote na matope yao, wanabishana rangi. Wakiridhika ndiyo mwenzao analipa. Na kwa kuwa mnunuzi hajui kuendesha, anayeendesha ni dada. Anaondoka saa tatu asubuhi, anarudi saa nane au tisa. Mwaka wa tatu huu anafanya hivyo. Hakuna hapa yadini aliyewahi kuona ubaya, maana ndiyo kazi. Ni kama wewe unavyokwenda kumwombea mgonjwa nyumbani kwake, hakuna anayeuliza ulikaa chumbani kwa mgonjwa muda gani.

Mwezi wa tatu, tukiwa kwenye Kwaresima, wakaja watu wa filamu. Walikuwa na gari moja limejaa taa na nyaya, na kiongozi wao ni dada mmoja anaitwa Bhoke, amekulia Mwanza. Alimwambia bosi wanatengeneza filamu ya kuchekesha kuhusu wauzaji wa magari, yenye mafunzo ndani yake, watu wajifunze kutotapeliwa. Bosi akasikia neno mafunzo akafurahi, akasikia bango la yadi litaonekana akafurahi zaidi, akawapa eneo wiki mbili. Tulisogeza magari wenyewe kuwapisha. Dada aliwachemshia chai siku ya kwanza, Baba. Aliwachemshia chai.

Yule Bhoke ana tabia ya kukaa na watu. Anavuta ndoo, anaigeuza, anakaa, anakuuliza habari za kazi, na ukijibu anakuangalia kama vile unasoma somo la kwanza kanisani. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Basi filamu ikatoka. Wakaiita Jaribu Kwanza. Nilisikia inaonyeshwa kwenye banda la video pale Ushirombo siku ya mnada, na ni mimi niliyekuja nyumbani kukuita. Nilikuwa nimevaa fulana waliyotugawia, ina picha ya gari na jina la filamu mgongoni. Nikakuambia Baba twende ukaone yadi yetu, ukaone anakofanya kazi dada. Ukavaa koti lako la Jumapili. Ukamchukua na Mzee Masele. Mwenye banda alipoona katekista ameingia akafukuza vijana kwenye viti vya plastiki vya mbele, mkakaa nyinyi. Mimi nikakaa nyuma kwenye benchi, karibu na mlango.

Sipendi kuandika yale tuliyoyaona, mkono unakataa. Lakini nikiyapita utasema najificha.

Mwanzo ulikuwa ule wa yule muuzaji ambaye kila akidanganya suruali inamshuka kidogo. Anasema gari hili lilikuwa la daktari, suruali inashuka. Anasema lilikuwa linakwenda kanisani tu, inashuka tena. Mpaka gari la tatu kabaki na bukta yenye maua. Pale hata mimi nilicheka, nisikufiche. Halafu akaja yule mama mnene aliyekuwa anauliza kama siti za nyuma zinalala, muuzaji akamjibu mama hizi zinalala hata mkilala watatu na jirani. Watu wakapiga miluzi. Nikaanza kuona hii haina mafunzo yoyote.

Ndipo akatokea yule dada wao wa kuigiza. Ovaroli ya bluu kama ya dada, ila wameibana mpaka nikaona haya kuangalia. Kanga kiunoni, kama dada anavyofunga. Anagonga boneti mara mbili kwa kiganja. Na jina wamemwita Skola. Hawakuhangaika hata kutafuta jina! Anamchukua mchimbaji, anamwambia twende ukajaribu. Gari linakwenda porini, linasimama nyuma ya kichuguu, kisha linaanza kuyumba, linayumba mpaka kwale wanaruka kutoka kwenye majani. Wanarudi yadini. Skola anashuka, mgongo mzima matope, kifungo hakipo, kanga haipo. Mchimbaji anashuka nyuma yake anachekelea mpaka meno ya mwisho, anasema gari nanunua, hata kama halina injini. Na wauzaji wengine wanagombania nani atamchukua mteja anayefuata.

Banda lote lilipasuka, Baba. Watu walikuwa wanaangukiana.

Na wewe ulicheka.

Nisamehe, lakini mimi nilikuwa nyuma yako nakuona. Ulicheka mpaka ukavua miwani ukafuta macho na kitambaa. Ulimpiga Mzee Masele kwenye paja. Halafu ukauliza kwa sauti, watu wa benchi la nyuma wote walisikia, hivi huyu binti baba yake ni nani jamani? Watu wakacheka tena kwa sababu ni katekista kauliza. Mzee Masele akakuinamia sikioni. Sikusikia alichosema ila niliona shingo yako ilivyosimama. Ukavaa miwani, ukatoka umepita mbele yangu kama vile mimi ni nguzo ya banda.

Nimelitafakari hili siku nyingi. Kabla ya Mzee Masele kukunong'oneza, yule binti alikuwa kichekesho. Alikuwa wa baba mwingine. Baada ya kukunong'oneza akawa laana ya nyumba. Filamu ilikuwa ile ile. Na dada Scolastika wakati huo alikuwa hapa Masumbwe, yuko chini ya pikapu, amejaa grisi, hajui hata kama tumekwenda kuangalia video.

Sikukuambia hayo siku ile. Nilitembea nyuma yako mpaka nyumbani, nikalala na njaa, asubuhi nikaondoka.

Tangu siku hiyo hapa yadini kumekuwa hakukaliki. Vipande vya filamu vinazunguka kwenye simu. Wateja wanakuja, hawaulizi bei, hawaulizi mafuta, wanauliza yule wa majaribio yuko wapi. Mmoja akamwambia dada kwamba yeye hana haja ya gari, anataka majaribio tu, wenzake wakagongeana mikono. Mwingine alimshika kiuno. Dada alimpiga na spana ya magurudumu kwenye mkono, yule mtu akapiga kelele kama mbuzi, na bosi Maduhu alipotoka ofisini unajua alisema nini? Alimwambia dada asifukuze wateja, kwamba huo ni utani wa muvi tu, na kwamba yadi haijawahi kujaa watu hivi. Watu walikuwa wanapiga picha kwenye bango! Nilikuwa na nyundo mkononi. Nilinyoosha mlango mmoja siku hiyo mpaka ukapinda upande wa pili.

Dada aliondoka hapa wiki ya tatu sasa. Yuko Nkome kwa shangazi Apolonia, anageuza dagaa juani. Mwanamke anayesikia beringi iliyokufa kwa mbali, leo anafukuza kunguru kwenye dagaa.

Na wewe ulimwambia Mama, Mama akaniambia akilia, kwamba dada asikanyage hapo nyumbani, na kwamba Jumamosi wazee wa Gregory wakija hutawakaribisha, utawaambia warudi na ng'ombe wao, huna binti wa kuoza.

Baba, nilikwenda Runzewe kumwona Gregory. Nilimkuta anachomelea geti, akavua miwani ya kazi, tukakaa. Yeye hana neno na dada. Alisema yeye anamjua Scolastika tangu akiwa mdogo wa kubebea mafundi mkebe wa rangi, hatafundishwa na muvi. Lakini wazee wake wameiona nao, au wameambiwa na walioiona. Baba yake mkubwa alikwishasema kikaoni kwamba wao wanakuja Jumamosi kusikiliza baba wa binti atasemaje. Kwamba baba mzazi akisema huyu mtoto wangu ni safi, wao watafunga mdomo. Na baba mzazi mwenyewe akimkataa, wao ni nani wabishe?

Umeona ilivyo? Wao hawaisadiki filamu bado. Wanakungoja wewe. Ukifunga mlango Jumamosi, ndiyo itakuwa umeweka muhuri kwamba yale ya nyuma ya kichuguu ni kweli. Yule Bhoke hakuweza kuyafanya yawe kweli na taa zake zote na nyaya zake zote. Utayafanya wewe, kwa kukaa kimya tu.

Sasa sikiliza habari ya kanga, maana kanga kweli ilipotea.

Ilikuwa masika ya mwaka jana. Mchimbaji mmoja wa makamo alichagua pikapu ya kijivu, dada akampeleka kwa wenzake. Wenzake wakaliona, wakaridhika. Kurudi, barabara ilikuwa imekatwa na maji, pikapu ikagonga jiwe, ekzosi, lile bomba la moshi, ikakatika mbele ikaanza kuburuta chini. Yule mzee akataka kuliacha gari hapo hapo, akasema ni mkosi. Dada akazima, akafungua kanga yake, akailoweka kwenye dimbwi isishike moto, akalala chali chini ya gari kwenye matope akaifunga ekzosi kwa ile kanga, akaizungusha mara tatu akapiga fundo. Kifungo kilikatikia kwenye chasisi. Kila baada ya mwendo kidogo anashuka anaimwagia maji. Wakafika hapa saa kumi, dada mgongo wote matope, kanga hana, na yule mzee anacheka kwa furaha. Bosi na mafundi walikuwa wameshakimbia mvua, nimebaki mimi tu, basi akatusimamisha mimi na dada akisema kwamba huyu binti amemfungia gari kwa nguo yake mwenyewe, kwamba hata kama halina injini atalinunua kwa sababu ya huyu. Akamwita mwanangu. Akalinunua. Kesho yake mke wake alimletea dada doti mpya ya kanga.

Mimi ndiye niliyeingia chini ya ile pikapu kuifungua ile kanga. Ilikuwa imeungua, imegandia kwenye bomba, niliikwangua kwa bisibisi ikatoka vipande vipande nikavitupa. Mikono yangu hii. Hakuna mtu duniani anayejua habari hiyo kuliko mimi, ukimwondoa dada mwenyewe.

Basi wiki iliyopita nikafanya jambo ambalo sijawahi kufanya. Nilimpigia Bhoke. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kuungama. Alipopokea nikamwaga yote bila kupumua. Nikamwambia ni mchafu. Nikamwambia amekunywa chai ya dada yangu halafu amemvua nguo mbele ya watu. Nikamwambia baba yetu ni katekista, harusi inavunjika, dada yuko kwenye dagaa, na kwamba ningekuwa na uwezo ningechoma banda lote la video. Sijui yale maneno yalitoka wapi. Yeye hakunikatiza. Alisubiri nikamaliza. Kisha akaniuliza taratibu, wala hakuwa na dharau, akasema, kaka Ezekiel, ile habari ya kanga niliitoa kwa nani?

Nikakata simu.

Baba, aliitoa kwangu.

Ilikuwa siku yao ya tatu hapa. Tumekaa mchana kwenye kivuli cha lori bovu, wao na mafundi, watu kama kumi na tano, kila mtu anatoa kichekesho cha kazi. Bhoke akanigeukia akasema huyu mkimya nina uhakika ana habari kuliko nyinyi wote, anaona kila kitu. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Watu wote wakaniangalia, na safari hii sikutaka kukimbia. Nikaanza kueleza ya dada na pikapu. Nikaeleza alivyoondoka asubuhi msafi. Nikaeleza nilivyongoja. Nikasimama hata nikaigiza anavyotembea, mimi, ambaye kusoma somo kanisani nilikataa mpaka ukanichapa. Nikafika pale anaposhuka, mgongo matope, kifungo hakipo, kanga haipo, na mzee anachekelea nyuma yake anasema hata kama halina injini.

Walicheka hapo. Nilikuwa sijamaliza. Nilikuwa na mdomo wazi nataka kusema sasa sikilizeni, kumbe ekzosi ilikuwa imekatika. Lakini walikuwa wanacheka, Baba, wanajishika mbavu, fundi mmoja mkubwa alinipiga bega akasema kumbe wewe mtu! Bhoke alikuwa anafuta machozi. Nikaona nikisema ekzosi watanyamaza. Nikakaa chini.

Na hilo lingekuwa dogo. Kesho yake Bhoke alivuta ndoo yake akaja nilipokuwa nagonga bodi, akaniuliza vizuri tu, hivi ile kanga ilikwendaga wapi? Alitaka kujua. Ningesema neno moja ingekuwa filamu nyingine. Nikainua mabega nikatabasamu. Nikamwambia hata mimi sijui, muulize yule mzee. Akacheka tena, akaandika kwenye daftari.

Nilijua. Nilikuwa nimeikwangua kwa bisibisi.

Kwa hiyo hasira yote niliyoiandika hapo juu, ya Bhoke, ya bosi, na ile yako wewe ya kwenye kiti cha mbele, sijaifuta kwa sababu ni ya kweli. Bhoke angemuuliza dada mwenyewe na hakumuuliza. Bosi angemtetea na hakumtetea. Wewe umemcheka mtoto wa mtu. Lakini wa kwanza kumvua dada kanga mbele ya watu ni mdogo wake, tumbo moja, na alifanya hivyo kwa sababu alipenda kupigwa bega.

Jumapili nilikwenda Nkome. Nilimkuta dada kwenye chanja, amefunga kitambaa puani, nikamweleza yote nimesimama. Hakuacha kugeuza dagaa. Akamaliza chanja moja akahamia ya pili, mimi namfuata. Halafu akasema alijua tangu siku ya kwanza alipoiona kwenye simu ya mtu, kwa sababu maneno ya yule mzee yalikuwa mule neno kwa neno, na waliokuwa karibu kuyasikia siku ile walikuwa wawili tu, yeye na mimi. Amekaa wiki zote hizi anangoja nije. Nikamuuliza mbona hakumwambia Baba. Akasema Baba hakumuuliza. Nikamuomba msamaha, akaniambia nimsogezee lile turubai. Nikamsogezea. Hakusema amenisamehe, nami sitakudanganya kwamba alisema. Nilipoaga akaniambia kama nitaandika nyumbani, niandike kwa jina langu, nisimpe Mama anisemee.

Ndiyo nimeandika.

Baba, naomba mambo mawili. Jumamosi wapokee wale wazee, waketishe, na dada awepo. Na umpigie wewe mwenyewe kabla ya Ijumaa, usimtume Mama. Yeye hatapiga, unamjua, kiburi amekitoa kwako.

Mimi nitafika Ijumaa na basi la mchana. Jumamosi nitasimama mbele ya wazee wa Gregory nieleze tangu asubuhi ile mpaka kwenye ekzosi, na safari hii hata wakicheka katikati sitakaa. Kitu cha kuonyesha sina, nina mdomo tu, na wewe unajua ulivyo mdomo wangu. Ila ukinifungia geti nitasemea nje, barabarani, kwa sauti, kila anayepita na ndoo asikie. Ukitaka kumfukuza mtoto mmoja hapo nyumbani basi yupo, anakuja mwenyewe. Ila usikosee mtoto.

Mama umsalimie sana, na umwambie asilie. Wasalimie wanakwaya wote, na majirani wa upande wa mto. Kama una neno langu mimi, la fimbo au la mdomo, liweke mpaka wageni waondoke. Neno la dada usiliweke.

Nabaki mwanao mkosefu,

Ezekiel Telesphori